Kikopo cha Bibi

Kabla jua halijachomoza vizuri, nyumba yao ilikuwa imeshaanza kunuka makaa na nguo zenye unyevu. Bibi alikuwa dobi. Alipuliza makaa ndani ya pasi yake ya chuma, akaigusa kwa kidole chenye mate, tss, kisha akaanza na kola, maana kwake shati lenye kola iliyokunjamana halikuwa shati. Mjukuu wake alikunja nguo zilizokwisha pigwa pasi huku akiongea. Aliongea akikunja, aliongea akifunga viatu, na nusura aongee akipiga mswaki. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku, na jina lake halisi likabaki shuleni kwa mwalimu.

Lakini nyumba ile ilikuwa na hofu yake. Mwaka uliopita Bibi alitolewa uvimbe wa saratani kwenye kibofu cha mkojo, na daktari alimwambia kwamba ugonjwa ule hupenda kurudi. Tangu hapo, kila tarehe ya hospitali ilipokaribia, Bibi alikosa usingizi na chakula hakikupita.

"Mke mwenzangu," Bibi alimtania Chiriku asubuhi hiyo, akimpa mfuko wenye vipande vya barafu na kikopo cha plastiki, "mkojo wangu huu. Upitie maabara ya hospitali kabla hujaingia shule. Ningekwenda mwenyewe, ila mashati ya watu yananingoja. Nenda moja kwa moja, usisimame kupiga soga."

"Na nikikutana na mwalimu, Bibi?"

"Msalimie ukitembea!"

Chiriku akaondoka akicheka. Hospitali ilikuwa jirani na shule, hatua chache tu mbele ya geti. Lakini pale getini wenzake walikuwa wanaruka kamba.

"Chiriku! Njoo, zamu yako!"

Akasema ataruka mara moja tu. Mara moja! Nani amewahi kuruka kamba mara moja? Akaweka mfuko kando ya ukuta, akaruka, akaongeza, akaongeza tena. Kufumba na kufumbua, msichana mmoja akajikwaa na kuupiga mfuko teke. Kikopo kikabingirika, mfuniko ukafunguka, na mchanga ukanywa kila kitu.

Chiriku alikitazama kikopo kitupu. Angerudi nyumbani kusema, Bibi angempa kingine, na mambo yangeisha. Lakini Bibi alipokasirika hakupiga wala hakufoka. Alinyamaza kutwa nzima, na Chiriku aliogopa kimya kile kuliko fimbo.

"Mkojo ni mkojo tu," akajiambia. Akaokota kikopo, akakisuuza bombani, akaingia choo cha shule na kukijaza mwenyewe.

Maabarani alipokelewa na mwanamke mwembamba mwenye miwani ambaye watu wote walimwita Mama Darubini.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekileta moja kwa moja?"

"Ndiyo," Chiriku akajibu. Akaweka kikopo mezani, akakimbilia shule.

Majibu yalipotoka, Chiriku alikwenda na Bibi kuyasikiliza. Daktari alisema hakuona dalili yoyote ya ugonjwa kwenye mkojo ule. "Lakini Bibi," akaongeza, "kipimo hiki ni kipya, bado kinafanyiwa utafiti. Ningependa tukuangalie kibofu kwa kamera pia."

"Kamera tena? Daktari mwanangu, mkojo umeusema safi, kamera ya nini? Niache nipumzike, nimechoka na mipira yenu ile ya kuingizwa kwenye kibofu."

Njia nzima Bibi alikuwa anacheka peke yake. Jioni alikula akamaliza sahani, jambo lililokuwa limesahaulika katika nyumba ile. Chiriku hakumeza hata tonge la pili.

"Leo mdomo umetiwa gundi?" Bibi akamtania.

"Nimeshiba, Bibi."

Siku zikapita, na Chiriku akazidi kunyong'onyea. Asubuhi moja Bibi alitoka chooni akishika ukuta. Chiriku alipoingia baada yake aliona matone ya damu sakafuni.

"Bibi, unatoka damu!"

"Ni joto la pasi hilo, na uzee. Si umemsikia daktari? Mimi ni mzima." Akainua pasi, akaanza kola nyingine.

Hapo ndipo Chiriku alipoelewa kile alichokifanya. Bibi alikuwa anauona ugonjwa kwa macho yake mwenyewe na anaukataa, kwa sababu ya uongo uliomo ndani ya kikopo.

"Mkojo ule haukuwa wako," akasema, na machozi yakamwagika. "Wako ulimwagika nikiruka kamba. Nikatia wangu. Mzima ni mimi, Bibi. Wewe hujapimwa."

Pasi ilibaki palepale juu ya shati la mteja mpaka harufu ya kuungua ikajaa chumba. Kisha Bibi akaiondoa, akamwaga makaa nje, akajifunga khanga na kumshika mjukuu wake mkono. Walikwenda mpaka hospitali bila neno hata moja. Kimya kile kile Chiriku alichokikimbia ndicho kilichomsindikiza.

Mama Darubini alimsikiliza Chiriku mpaka mwisho, akavua miwani.

"Nilidhani mkojo ni mkojo tu," Chiriku akanong'ona.

"Hapana, mwanangu. Kila seli ya mwili hutoa vifuko vidogo mno, hata darubini ya shuleni haivioni. Vinaitwa eksosomu. Ndani yake seli hufunga ujumbe kwa ajili ya seli nyingine. Seli za saratani nazo hutuma vyao, na vingine huenda mbali, kuiandalia saratani mahali pa kuhamia. Baadhi hutoka na mkojo, na hivyo ndivyo ninavyovitafuta. Kikopo kile kilinieleza habari zako wewe. Habari za Bibi yako zilibaki kwenye mchanga."

Safari hii Bibi alipimwa mkojo wake mwenyewe, na kamera hakuikataa. Uvimbe ulikuwa umerudi. Ulikuwa bado mdogo, haujaota mizizi kwenye msuli wa kibofu, na madaktari wakautoa. Daktari alisema wameuwahi, ila matibabu yatakuwa ya muda mrefu, na hakuahidi zaidi ya hapo.

Wodini, Chiriku alisimama miguuni pa kitanda, akiutazama mpira unaotiririsha mkojo mwekundu. Hakuthubutu kusogea.

"Njoo huku," Bibi akasema. Sauti ilikuwa ya mgonjwa, lakini ilikuwa sauti. "Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse mkojo. Kumwaga kulikuwa ajali, ningekusamehe kabla hujamaliza kusema. Kukijaza kikopo mkojo wako ndiko kulikotaka kuniua. Na mimi niliiona damu nikajidanganya, kwa hiyo tulikuwa waongo wawili ndani ya nyumba moja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukiharibu kitu, mjukuu wangu, sema palepale. Ukweli utakuchoma, lakini daktari hawezi kutibu uongo."

Chiriku aliegemeza kichwa kwenye godoro na kulia mpaka shuka likalowa.

Wiki nyingi baadaye, Bibi akiwa amerudi nyumbani, amekonda, akipiga pasi huku ameketi kwenye kiti, tarehe ya kupima ilifika tena. Aliweka barafu kwenye mfuko, akakaza mfuniko wa kikopo, akamwita mjukuu wake.

"Nenda moja kwa moja."

Chiriku alimtazama, hakuamini. "Mimi, Bibi?"

"Kwani nina mjukuu mwingine?"

Getini wenzake walimwita, kamba ikipiga chini, pa, pa, pa. Aliwapungia mkono akitembea, mfuko ameukumbatia kifuani, baridi yake ikipenya kwenye sare mpaka kwenye ngozi.