Kompyuta ya Dukani na Sauti ya Mama Kahonzi

Randu alikuwa mpiga kinanda katika bendi ya hoteli moja mjini Malindi. Kila siku alipiga nyimbo zile zile, na wageni walikula bila kumtazama. Akirudi nyumbani, mtaa wa Kisumu Ndogo, alimkuta mkewe Idah amekwisha kuuza mahamri na sasa anafua. Hawakuulizana nani amechoka zaidi. Uchovu ulikuwa wa nyumba nzima.

Mwaka wa 1989 uliwaletea jambo jingine. Mama yake Randu, Mama Kahonzi, alikuja kutoka kijijini Kakuyuni kutibiwa koo. Daktari aliona uvimbe. Alisema lazima apasuliwe baada ya wiki tatu.

"Na sauti yake?" Randu aliuliza.

"Sitakudanganya," daktari alijibu. "Huenda isirudi."

Mama Kahonzi alikuwa mwanzishaji wa nyimbo za arusi. Kule kwao, bibi arusi hakutolewa nje mpaka Kahonzi aanze kuimba. Nyimbo hizo hazikuandikwa popote. Alizijua yeye tu, zote, mwanzo hadi mwisho. Randu aliona aibu. Alijua nyimbo mia moja za Wazungu, na za mama yake hakujua hata moja.

"Nitamrekodi," alimwambia Idah. "Kuna duka mjini linauza kompyuta iliyotumika. Nimeuliza, wanasema inarekodi muziki."

"Tutainunua kwa pesa gani?"

Randu alitazama chini. "Mama ana minazi minane. Tutaiweka rehani."

Idah aliacha kufua. "Minazi ndiyo inayomlisha! Akitoka hospitali atakula nini?"

"Nimechoka, Idah. Usiniulize mengi."

Idah alijifuta mikono, akaenda kwa jirani yao, Adhiambo. Mama huyu aliwahi kufanya kazi katika studio ya muziki Nairobi. Siku hizi alikuwa karani Malindi, na ofisini alichapa barua kwa kompyuta. Alimsikiliza Idah, akavaa viatu vyake, akaja.

"Shemeji," alimwambia Randu, "unataka kurekodi nini hasa?"

"Muziki."

"Muziki ni neno kubwa. Kinanda chako, au sauti ya mama?"

"Sauti ya mama."

"Basi twende dukani kabla hujagusa minazi ya watu."

Muuzaji aliitwa Maina. Aliipangusa kompyuta vumbi, akaiwasha. Ilikuwa nzuri, na kioo chake kiling'aa.

"Programu ya kurekodi iko wapi?" Adhiambo aliuliza.

Randu hakuelewa. "Programu ndiyo nini?"

"Ni maagizo yanayoiambia kompyuta ifanye kazi gani. Bila programu, hiki ni kisanduku tu. Kwa hiyo usianze kwa kuchagua kompyuta. Anza na kazi yako. Tafuta programu inayoiweza kazi hiyo. Kisha tafuta kompyuta ya bei nafuu inayokubaliana na programu hiyo, maana si kila programu huingia katika kila kompyuta."

Maina alitoa diski ndogo, akaisukuma ndani ya kompyuta. Adhiambo akamwambia, "Sasa nirekodie nikisema hujambo."

Maina alijikuna kichwa. "Hiyo haiwezekani, mama. Hii huunganishwa na kinanda kwa waya. Inakumbuka umebonyeza vitufe gani na kwa muda gani. Kisha kinanda kinajipiga chenyewe."

"Na sauti ya mtu?"

"Sauti inakula nafasi nyingi. Diski hii haitoshi hata dakika moja."

Randu alimgeukia. "Mbona uliniambia inarekodi muziki?"

"Si uliniuliza muziki?" Maina alijibu, bila ubaya. "Ulisema wewe ni mpiga kinanda."

Njiani Adhiambo alimwuliza jambo moja tu. "Shemeji, nyumbani kwenu mna umeme?"

Randu alisimama katikati ya barabara. Hawakuwa na umeme. Alikuwa amechoka kiasi cha kusahau kwamba anasoma kwa taa ya chemni. Adhiambo alicheka mpaka akajishika kiuno, na Randu naye akacheka, ingawa hakutaka.

"Tumia redio ya kaseti," Adhiambo alisema. "Nitakuazima yangu, inatumia betri. Wewe nunua kaseti mpya tatu na maikrofoni ya kuchomeka. Maikrofoni ya ndani ya redio hunasa ngurumo ya mashine yenyewe."

Minazi ikabaki salama. Jumamosi Randu alimweka mama yake chumbani, akafunga mlango na madirisha ili kuwe kimya. Akabonyeza kitufe cha kurekodi.

Mama Kahonzi alianza mstari mmoja, akanyamaza. Akaanza tena, akanyamaza.

"Mama, umesahau?"

"Sikusahau. Nani ananiitikia?" Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Mimi nikianza, wenzangu waitikie ndipo nipate mstari wa pili. Unanifungia humu na redio, kwani mimi ni mwizi?"

Randu alitaka kulia. Zilibaki siku tano kabla ya upasuaji. Idah alitoka, akawaita wanawake wa mtaani, Wagiriama kama Mama Kahonzi, waliojua kuitikia. Walikuja sita, mmoja na kayamba ya kutikisa mkononi. Adhiambo aliwapanga. Maikrofoni aliiweka mbele ya Mama Kahonzi, umbali wa mkono mmoja kutoka mdomoni. Waitikiaji aliwasogeza nyuma hatua nne. Walijaribu kidogo, wakasikiliza, wakamrudisha mwenye kayamba nyuma zaidi. Kisha wakaanza.

Mama Kahonzi aliimba kwa siku mbili, akipumzika na kunywa maji ya uvuguvugu, na Idah akiitikia pamoja na wale sita. Aliimba nyimbo ishirini na tatu. Randu aliandika jina la kila wimbo juu ya kaseti. Akavunja vijino viwili vya plastiki vya nyuma ya kila kaseti, ili mtu asije akarekodi kitu kingine juu ya nyimbo hizo. Kisha akapeleka kaseti zote mjini zikanakiliwe, na nakala akampa Adhiambo amtunzie.

Alhamisi mama alipasuliwa. Uvimbe ulitolewa wote, lakini sauti haikurudi. Ilibaki pumzi tu.

Mwezi mmoja baadaye alikaa uani na Idah na wale wanawake sita. Randu alifungulia kaseti. Sauti ya Kahonzi ikatoka, nzito, na mkwaruzo wake, na wanawake wakaitikia. Idah alifuta machozi kwa kanga. Kahonzi alikuwa akipiga makofi taratibu, macho ameyafumba.

Katikati ya wimbo wa pili alifumbua macho. Alinyoosha mkono, akaizima redio.

"Imekuwaje, mama?" Randu aliuliza.

Mama Kahonzi alimwelekezea Idah kidole, aanzishe yeye, akasubiri. Idah alitazama huku na huku, akaanzisha wimbo ule ule.