Kompyuta Tupu za Ambroise

Kila Jumapili baada ya misa, nyumba mbili za wafanyabiashara kutoka Butembo zilikula pamoja hapa Kisangani: ya Isaïe na ya Ambroise. Wake zao walipika pondu, yaani majani ya muhogo, na liboke ya samaki waliofungwa kwenye majani, na watoto wakacheza uani. Wanaume hao walikuwa wameuza chumvi pamoja miaka mingi. Mwaka 2001, mabomu yaliponyamaza mjini, kila mmoja alifungua duka la kompyuta zilizotumika, wakitazamana ng'ambo ya barabara.

Isaïe aliuza mashine zenye mfumo tayari, yaani ile programu inayoiendesha kompyuta. Aliunakili kutoka diski moja, bila leseni, huku akiwaapia wateja kwamba kila kitu ni halali. Ambroise aliuza mashine tupu kwa bei nafuu, akimweleza mteja waziwazi: nunua leseni yako, au nikuwekee mfumo wa bure, ambao waliouunda wameruhusu ugawiwe.

Masista na walimu wakahamia kwa Ambroise. Isaïe akawa anashinda mlangoni akitazama nani anaingia kule. Kilichomchoma zaidi ni neno la mke wake, Hélène, wakiwa mezani.

“Ambroise hadanganye mutu,” alisema. “Ni juu ya ile wanamupenda.”

Isaïe akaisukuma sahani yake kando. Tangu siku hiyo hata kicheko cha rafiki yake kilimkera, na karamu za Jumapili zikakoma.

Je, ndugu msomaji, alijirekebisha? La. Alikwenda kwa komanda wa waasi walioshika mji, akamnong'oneza kwamba mashine za Ambroise ni tupu kwa sababu zimefutwa barua za upelelezi za serikali ya Kinshasa. Kesho yake askari walimchukua Ambroise, wakapora duka lake. Furaha aliyoitazamia Isaïe haikuja. Alimsikia tu Sophie, mke wa Ambroise, akilia barabarani.

Siku tatu baadaye komanda alihitaji kompyuta zenye mfumo, kwa kuwa zile zilizoporwa zilikuwa tupu, akatuma watu kwa Isaïe. Walipoikagua ya kwanza, wakakuta jina la mwenye leseni: wizara moja ya Kinshasa. Ya pili, jina lilelile. Ya tatu pia. Diski ile ilinakiliwa huko kabla ya vita, na Isaïe hakuwahi kuangalia. Alipigwa vitako vya bunduki, akatupwa chumba kimoja na Ambroise, ambaye walinzi walikuwa wamekwisha kumwambia nani alimchongea.

Isaïe alijieleza, hakuaminiwa. Komanda akamuuliza Ambroise, kwa kuwa aliijua kazi hiyo. Isaïe aliinamisha kichwa, akingoja malipo yake.

“Mon commandant,” Ambroise alisema, “hii jina ni ya wenye walinunua disque mara ya kwanza. Ukikopia, jina inafuata. Huyu iko mwizi wa programu. Mupelelezi, hapana.”

Kisha akaeleza kwamba zake zilikuwa tupu kwa sababu hakutaka kuuza mali ya watu.

Komanda akaridhika na maelezo hayo. Waliachiliwa wote wawili, lakini mashine zikabaki kwa askari. Njiani Isaïe aliomba msamaha.

“Nimekusamehe,” Ambroise alijibu. “Lakini kwangu usikuje tena.”

Wiki hiyohiyo alishuka mto na familia yake hadi Isangi, akarudia biashara ya chumvi. Isaïe alibaki na duka lisilo na kitu, na Hélène, ambaye sasa alijua yote, akawa anampakulia chakula bila kumtazama.

FUNZO

Ukiona mwenzako anapendwa, jifunze anachofanya kabla ya kumchimbia shimo. Usiuze jasho la mwingine kama lako. Na wakati wa vita, ukishamwambia mwenye bunduki uongo, si wewe tena unayechagua uongo huo utamwangukia nani.