Anayemwitikia Awil

"Awil Nunow Gure!"

"Nipo!"

Haikuwa sauti ya Awil. Kinsi alijua, na watu wote waliochuchumaa mavumbini asubuhi ile walijua. Ilikuwa sauti ya Gelle, mume wa rafiki yake Saynab, aliyekwisha kuitikia jina lake mwenyewe mwanzoni mwa orodha.

Karani Murithi, mtu wa Meru aliyeletwa huku kwa kazi hiyo ya kuita majina, hakuinua macho. Alitia alama yake kitabuni. Lakini kando yake, kitini, palikuwa na mtu aliyevikwa gunia kutoka kichwani hadi kiunoni, na matundu mawili ya kuonea. Gunia likainama mara moja.

Askari wawili wakaenda moja kwa moja kwa Gelle, wakamwinua.

"Mnanipeleka wapi? Nimekosa nini?"

Lori liliondoka naye kuelekea Garissa kabla ukungu wa mto Tana haujapanda.

Jamani, bunduki inatisha, lakini ulishawahi kutazamwa na mtu asiye na uso? Kitambaa kilivutika ndani na kutoka nje pale penye mdomo. Nzi walitua juu yake na yeye hawafukuzi. Watoto wadogo, wanaolia hata kwa kuonyeshwa sindano, mbele yake walinyamaza kabisa.

Ulikuwa mwaka wa sitini na saba. Kwa sababu ya vita vya shifta, waasi wa mpakani, serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji karibu na Balambala na kuwazungushia seng'enge. Kila asubuhi majina yaliitwa. Asiyekuwepo siku tatu mfululizo alihesabiwa shifta. Nyumba ya mamake ilichomwa, mifugo ikachukuliwa.

Na Awil, mchumba wa Kinsi, hakuwepo.

Alikuwa ametoroka kupitia mtoni siku kumi na moja nyuma, amebeba fomu ya kugombea udiwani. Yeye na Kinsi ndio walioanzisha Kamati ya Visima. Walitaka visima viwe vya wote, na wachimbaji walipwe ujira wao, badala ya maji kuwa mali ya tajiri mmoja mwenye pampu. Mikutano ilipigwa marufuku, kwa hiyo kampeni ilifanyika kwenye foleni ya maji: mama mmoja anamnong'oneza mwenzake, naye wa nyuma yake, hadi habari inafika mwisho wa foleni ndoo hazijajaa. Fomu ilitakiwa ofisini Garissa. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, alisema.

Ili asiandikwe shifta, Kinsi, katibu wa kamati, alipanga zamu. Leo fulani atamwitikia Awil, kesho fulani. Karani haangalii watu, anasikiliza tu. Siku za mwanzo mambo yalikwenda shwari. Halafu mtu wa gunia akaja, na tangu hapo kila aliyeitika kwa jina lile alikuwa hayupo ifikapo saa nne. Gelle alikuwa wa nne.

Saynab alimkuta Kinsi penye foleni ya maji, macho yamemvimba.

"Abaayo, dada yangu, niambie ukweli. Awil yu hai?"

"Yu hai. Si nilikusomea barua?"

"Nisomee tena."

Kinsi akaichomoa kwenye shuka lake. Ililetwa juzi na lori la Garissa, imekunjwa mara nne. "Kinsi wangu, nimefika salama. Fomu nimeipeleka. Usiende mbele ya watu, usiseme neno, kaa nyuma kabisa. Nakuomba kwa jina la Mungu, kaa nyuma."

"Haulizi habari za mamake," Saynab alisema polepole. "Haulizi kamati wala nani anamwitikia. Anajuaje kwamba kuna mbele na nyuma? Alipoondoka tulikuwa tunaitwa mlangoni, nyumba kwa nyumba. Hii ya kupanga mistari imeanza kesho yake, alipokwisha kuondoka."

Kinsi aliikunjua barua tena. Mstari huo alikuwa ameusoma mara ishirini kwa furaha, mapenzi yamemziba macho.

"Watu wanasema amekufa," Saynab aliendelea. "Wanasema jina la maiti halikopeshwi sauti. Ukimwitikia, anakuchukua. Mimi sijui, lakini mume wangu amekwenda, na wewe ndiye uliyempa zamu."

"Saynab, abaayo..."

"Kesho ni zamu ya nani?"

"Ya ndugu yako."

"Hataitika. Tafuta mwingine."

Kinsi alizunguka kijiji kizima mchana ule. Wanaume waliomshangilia Awil penye kisima leo walijifanya wanafunga mbuzi. Mzee mmoja alimwambia waziwazi, "Binti yangu, lile gunia linatugeukia sote, mmoja baada ya mwingine. Likifika kwako linapita. Kwa nini?"

"Sijui, adeer."

"Basi ujue. Watu wameshaanza kuuliza."

Jioni, kabla ya saa ya kufungiwa, alimvizia Murithi nje ya kibanda chake. Karani alikuwa anaosha miguu katika karai. Alipomwona alishtuka, maji yakamwagika.

"Dada, rudi nyumbani kwako."

"Bwana karani, yule mtu ni nani?"

"Mimi naita majina tu."

"Ile barua ilitoka Garissa kweli?"

Murithi alitazama kushoto na kulia. "Mimi nina mke Meru na watoto watatu. Nataka nirudi kwao na kichwa changu. Nikuambie kitu kimoja, kisha usinijue. Lile jina la Awil, afande mkuu wa kambi ndiye ananiamuru niliite kila siku. Ningeachiwa mimi, ningelipita."

"Kwa nini anataka liitwe?"

"Ili asikie nani anaitika. Nenda!"

Kinsi alirudi nyumbani. Kwa hiyo zamu ile aliyoipanga kwa akili zake zote, akijisifu moyoni, ndiyo ilikuwa mtego! Aliwatoa watu wanne mmoja mmoja kwa mkono wake. Na kuna jambo jingine alilijua sasa, ila hakuthubutu kulitamka hata peke yake.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, mstari wa mbele haukuuona wa nyuma. Kinsi hakukaa nyuma. Alikwenda akachuchumaa mbele kabisa, hatua kumi kutoka kitini. Gunia likamgeukia. Kitambaa cha mdomoni kikaanza kwenda mbio, ndani, nje, ndani, nje.

"Awil Nunow Gure!"

Hakuna aliyeitika.

"Awil Nunow Gure!" Murithi aliita tena, macho kitabuni.

Afande aliegemea meza. "Ita tena. Mara ya mwisho."

"Awil... Nunow Gure!"

Kinsi alivuta pumzi. Kama ni kuchukuliwa, na achukuliwe yeye aliyeandika zamu. Alifungua kinywa.

"Nipo!"

Si yeye aliyesema. Sauti ilitoka ndani ya gunia. Na hii, jamani, ilikuwa ya Awil mwenyewe.

Mwanamke mmoja alipiga ukelele. Wengine walisoma Ayatul Kursi kwa sauti, mikono vichwani, wakidhani maiti kasema. Kinsi alisimama, akatembea zile hatua kumi, akashika gunia kwa mikono miwili na kulivua.

Alikuwa amekonda, ndevu zimeota ovyo. Awil hakuweza kumtazama Kinsi machoni.

"Kumbe ni wewe," Kinsi alisema.

"Ungeitika. Nilikuona unafungua kinywa. Ungeitika, Kinsi, wangekuchukua!"

"Ile fomu?"

"Haikufika. Walinikamata siku ya pili, kivukoni. Wana karatasi zetu zote, na jina lako ndilo la kwanza. Wakaniambia nichague. Ama wewe, ama nikae hapa niwaonyeshe wengine."

"Gelle alikubeba mgongoni ulipoumwa na nyoka."

"Najua."

"Ukamwinamishia kichwa."

"Nakupenda! Ulitaka nifanyeje? Nimekununua kwa watu wanne, Kinsi, sikuwa na kingine cha kutoa!"

Machozi yalimtoka Kinsi, na hakuyafuta. Alimpenda mtu huyu hata sasa, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Na mimi nilikupenda ulipokuwa unasema kisima ni cha wote," alimwambia. "Hukuniuliza kama nataka kununuliwa."

Akamgeukia afande.

"Afande, andika. Katibu wa Kamati ya Visima ni mimi, Kinsi binti Kerrow. Zamu niliipanga mimi. Wale wanne waliitika kwa sababu niliwatuma. Nipeleke kwa mkuu wako niyaseme hayo mbele yao, nao warudi kwa wake zao."

"Kinsi, nyamaza!" Awil alipiga magoti. "Afande, tulikubaliana! Ulisema huyu hataguswa!"

"Simgusi," afande alisema, akiwasha sigara. "Amekuja mwenyewe."

Kinsi aliinua shuka lake asijikwae, akapanda lori. Saynab alitoka mstarini akakimbia hadi ubavuni mwa gari, akamshika mguu.

"Abaayo! Sikusema uende!"

"Waambie wanawake wa foleni watafute mgombea mwingine. Gelle akirudi, mpikie."

Injini ikanguruma. Watu wote walikuwa wamesimama sasa, wala hakuna askari aliyethubutu kuwaamuru wachuchumae. Walimtazama Awil, uso wake ukiwa wazi mbele ya mama wa kila aliyemuuza. Akatazama nyumba ya mamake. Mlango ulikuwa umefungwa.

Ndipo akakimbia. Akalishika lori kwa nyuma likiwa linatembea, akajivuta hadi ndani, magoti yakimtoka damu.

"Nitasema nilivyofanya," alisema akihema. "Mbele ya Gelle. Mbele yao wote. Kisha unikatae ukitaka."

Kinsi aliendelea kutazama njia ya Garissa, mikono imeshika shuka. Hakumpa nafasi kwenye benchi, lakini lori lilipopunguza mwendo penye bonde la kwanza, hakumwambia ashuke.