Mwashi na Kofia Iliyotobolewa

Kila asubuhi mwashi alisimama mbele ya kioo. Nywele zilikuwa zimerudi nyuma pande mbili za paji la uso. Utosini nako ngozi ilianza kuonekana.

"Acha kujikagua, chai inapoa," alisema mkewe.

"Ni hii kofia ya kazi. Nywele hazipumui."

Alipofika kwenye ujenzi, alichukua drili akaitoboa kofia yake ngumu matundu kila upande. Msimamizi akaiona.

"Hii ni kofia au chujio? Tofali likianguka, itapasuka pamoja na kichwa chako. Nenda nyumbani. Urudi na kofia nzima na akili nzima!"

Mwashi alifika nyumbani amenuna. "Bora niache kazi kuliko kuota upara."

"Watoto watakula nywele zako?" mkewe aliuliza. "Vaa viatu. Tunakwenda kwa daktari wa ngozi."

Daktari alimkagua kichwa, kisha akauliza, "Baba, nani kwenu ana upara?"

"Baba mzazi. Na mjomba."

"Basi kofia haina kosa. Upara huu hurithiwa, kwa baba hata kwa mama. Homoni ya kiume husinyaza mizizi ya nywele polepole. Nywele hazihitaji kupumua. Mzizi hulishwa na damu."

"Nikipaka kitunguu je?"

"Kiache jikoni. Ipo dawa ya kupaka, minoksidili. Mwanzoni nywele zaweza kuzidi kudondoka, usishtuke. Ngoja miezi kadhaa. Ukiiacha, upara unaendelea. Vipo pia vidonge vya finasteridi, ila ni mpaka daktari akuandikie. Mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika, kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na kwa wanaume wachache hupunguza hamu ya tendo la ndoa."

"Atapaka!" mkewe alidakia.

Daktari alicheka. "Nywele zikitoka ghafla kwa mabaka, au ngozi ikiwasha, huo ni ugonjwa mwingine. Njoo upimwe."

Mwashi alinunua kofia mpya, akarudishwa kazini. Alipaka dawa bila kuruka. Baada ya miezi kadhaa, nywele za utosini zilijaa kidogo. Mbele hapakuota kitu, lakini nywele hazikuzidi kupukutika.

Siku moja mwashi mwenzake alivua kofia juu ya jukwaa la ujenzi.

"Vaa, ndugu yangu," mwashi wetu alimwambia. "Upara nimerithi kwa baba. Wanao wasije wakarithi msiba kwako."