Nyasi za Mita ya Mwisho

Kiangazi kwetu Kagoma ni kazi juu ya kazi. Asubuhi tunachuma kahawa, tunaianika. Mchana tunapanda rweya, ile nyika ya mlimani isiyo na migomba, kukata nyasi za kuezekea. Nyasi hizo hupatikana kiangazi tu. Wachungaji wakishachoma moto, basi tena, mpaka mwaka ujao.

Mwaka ule nyasi zilikuwa za nyumba ya mama mkwe wangu, Kokuberwa. Nyumba yake ya zamani ilikuwa imeoza ikaanguka. Mume wangu, Ishengoma, akampeleka kwa dada yake Klaudia, aliyeolewa kule Ijuganyondo, akae huko kwa muda. Mama hakutaka kwenda kukaa nyumbani kwa mume wa binti yake. Alisimama kibanjani, katika shamba letu la migomba, kando ya kaburi la mumewe, akasema:

"Ishengoma, unirudishe kabla ya mvua. Sitaki kufia kwa mkwe."

"Usiwe na wasiwasi, Mama. Mvua itakukuta ndani ya nyumba yako."

Aliahidi hivyo mbele yangu. Nilisikia kwa masikio yangu haya.

Mabati yalikuwa hayaonekani dukani siku zile. Tukajenga msonge, nyumba ya duara ambayo paa lake linaanzia chini na kupanda mpaka juu. Wetu ulikuwa umeviringana kama nusu ya chungwa iliyofunikwa kwenye sahani. Kutoka katikati ya sakafu mpaka ukingoni zilikuwa mita tatu. Kwenda juu, mita tatu vilevile. Tulikusanya mizigo mia moja na ishirini ya nyasi. Mingi niliibeba mimi, Felicitas, kwa kichwa hiki.

Kwetu mwanamke hapandi paa. Kuezeka ni kazi ya wanaume. Ishengoma na binamu yake Aroni wakaanzia chini. Mita ya kwanza ya kimo ilikula mizigo arobaini. Mita ya pili ikala arobaini tena. Ikabaki mita moja, na mizigo arobaini.

Aroni akashuka, akatazama juu, akacheka.

"Hapo juu panabana, ndugu yangu. Hicho ni kikofia tu. Mizigo kumi na mitano inatosha. Iliyobaki nipe mimi, niezeke banda langu la mbuzi."

"Ngojeni kwanza," nikasema. "Mita ya pili nayo ilikuwa imebana. Mbona imekula sawa na ya kwanza?"

"Mama Philbert," mume wangu akaniambia, "wewe umewahi kupanda paa?"

"Sijapanda. Lakini nyasi nimezibeba."

Wakacheka wote wawili. Aroni akaondoka na mizigo ishirini na mitano. Jamani! Mtu anagawa nyumba ya mama yake kwa mbuzi!

Nyasi zikaisha kabla paa halijafunga. Juu likabaki tundu ambalo ng'ombe wawili wangepita bila kugusana. Ishengoma akakimbilia kwa Aroni. Banda la mbuzi lilikuwa limekwisha kuezekwa, na nyasi zenyewe zimekatwakatwa fupi. Akapanda rweya. Moto ulikuwa umepita, mlima wote mweusi. Wiki ile ile mvua zikaanza.

Tuliweka majani ya migomba. Upepo ukayatupa. Tukaweka tena, yakaoza. Mama akaendelea kukaa Ijuganyondo. Kila mtu aliyetoka huko alikuja na swali lake lile lile: "Nyumba yangu imefika wapi?" Ishengoma alijibu, "Mwambieni bado kidogo." Bado kidogo! Alijua fika kwamba nyasi ni mpaka mwaka ujao.

Mama alifariki Novemba, kwa mkwe. Tulimleta nyumbani kwa lori, tukamlaza ndani ya nyumba yake. Mvua ikanyesha juu ya jeneza. Wanawake waliinua mikeka juu yake wakati wa sala, mikono ikawachoka wakabadilishana. Mimi sitasahau, na sitaki kusahau.

Mwamvita, mwalimu wa elimu ya watu wazima, mwenyeji wa Hamugembe, alikuja kutupa pole. Baada ya maziko Ishengoma alimfuata.

"Mwalimu, nimekosea wapi? Juu pamebana. Kila mtu anaona."

Mwamvita aliomba kamba. Akamwambia Ishengoma aipitishe juu ya mgongo wa paa, afuate mviringo wake.

"Pima hapa chini kwanza. Panda mita moja ya kimo. Kamba imetembea kiasi gani?"

"Mita moja na kidogo sana."

"Kwa sababu chini paa limesimama. Sasa pima ile mita ya mwisho, mpaka kileleni."

Ishengoma alipima. Akapima tena.

"Mita mbili na nusu."

"Umeona? Juu paa limelala. Duara linapungua, lakini mgongo unarefuka. Kinachopungua na kinachoongezeka vinalingana. Kwa hiyo kila mita ya kimo inakula nyasi sawa, iwe chini, katikati au juu."

"Sasa nitajuaje kabla ya kuanza?"

"Pima mzunguko wa nyumba pale ilipo pana kuliko kote. Kwako upana ni mita sita. Zidisha kwa tatu nukta moja nne. Ni karibu mita kumi na tisa. Kisha zidisha kwa kimo cha kipande unachotaka kuezeka."

"Kipande cha juu ni mita moja," nikasema. "Ni mita za mraba kumi na tisa."

"Sawasawa. Na paa zima?"

"Mara tatu. Hamsini na saba."

"Ndiyo hivyo, Mama Philbert. Ila hesabu hii ni ya paa lililoviringana kama mpira. Paa lenye ncha, kama pia ya watoto, lina hesabu nyingine."

Ishengoma alikuwa ameshika kamba, haizungushi wala haiachi.

"Kumbe ile arobaini ilitosha," akasema.

"Ilitosha," Mwamvita akajibu.

Kiangazi kilichofuata tulipanda rweya mapema. Mita ya juu yote ilikuwa imeoza, tukaing'oa. Ishengoma alitaka mizigo arobaini kamili. Aroni alikuja kukata nasi, akibeba bila mzaha. Paa likafunga, zikabaki nyasi za kutandika sakafuni tu. Jirani yetu Mwijage, aliyekuwa akimjengea mwanawe msonge, alikuja na kamba yake mwenyewe. Nikampigia hesabu mimi. Nyasi zilimtosha. Tangu hapo hakuna paa kijijini kwetu lililobaki wazi.

Mvua ya kwanza iliponyesha, mimi na Ishengoma tuliingia ndani. Ilipiga kweli kweli. Halikudondoka hata tone. Ishengoma aliinama, akapapasa sakafu, akainua kiganja kikavu.

"Mama angefurahi sana," akasema.

"Mama alikuomba mwaka jana," nikamwambia.

Akainua macho pale palipokuwa na tundu. Nami sikumbembeleza.