Kidole na Kisima Kilichoachwa Wazi

Nyumbani kwao walimwita Kidole, na jina hilo alilipata kwa haki. Kila asubuhi, baada ya sala ya pamoja, binti huyo wa darasa la sita aliichukua Biblia ya bibi yake, akafumba macho, akaifungua popote na kuweka kidole. Mstari ulioguswa ndio uliokuwa amri ya siku. Avae sweta au asivae? Kidole. Amsamehe rafiki yake au aendelee kununa? Kidole. Siku mstari ulipotaja ngamia, Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kwani mjukuu alishinda akijiuliza ngamia amtoe wapi.

"Mungu si bahati nasibu, mjukuu wangu," Bibi alimwonya. Lakini wapi! Aliingiza sikio hili, akatoa sikio lile.

Kazi yake ilikuwa kuteka maji katika kisima cha uani, walichotumia pamoja na mama fundi, jirani yao mshona nguo. Sheria ilikuwa moja: ukishateka, funika. Jumatano moja, akiwahi mazoezi ya kwaya, aliuegemeza mfuniko ukutani. "Nitafunika nikirudi," alijisemea. Aliporudi, panya aliyekufa alikuwa akielea majini.

Alimwopoa kwa ndoo, akamtupa nyuma ya ua, akafunika kisima polepole. Hakuna aliyemwona. Basi, yamekwisha, alijiambia.

Yangekwishia wapi! Kila alipofumba macho kusali, alimwona panya yule, tumbo juu. Mezani, kila aliyepiga funda la maji alimtia baridi mwilini. Hata darasani alisikia mfuniko ukikwaruza, kana kwamba kuna mtu anaufungua tena. Aliogopa, naye hakuwa na wa kumwambia.

"Mbona midomo imekukauka hivyo?" Bibi aliuliza. "Kunywa maji."

"Sina kiu, Bibi."

Ijumaa alipotoka shule alikuta mtoto wa mama fundi anaharisha na kutapika. Kilio chake kilipenya ukutani, chembamba, kisichokatika. Kidole akaikimbilia Biblia. "Bwana, niongoze. Niseme au ninyamaze?" Akafumba, akafungua, akagusa. Majina ya mababu. Akajaribu tena. Vipimo vya hekalu. Mara ya tatu kidole kikaangukia mstari wa kunyamaza kimya mbele za Bwana.

"Asante, Bwana!" alisema. Lakini upande wa pili wa ukuta mtoto bado alilia.

Hapo mdogo wa kike wa Kidole akaingia, kikombe kimejaa, tayari kimefika mdomoni. Kidole aliruka, akakipiga kikombe kikaanguka. Maji yakatapakaa sakafuni, mdogo wake akaangua kilio, Bibi akatokea mlangoni.

"Una wazimu, wewe?"

"Usinywe! Hakuna kunywa!" Kidole alilia, na maneno yote yakamtoka: mfuniko, panya, hata ile mistari mitatu.

Bibi aliketi kitandani. "Na mstari wa tatu ungekuambia useme, ungesema?"

Kidole aliinamisha kichwa. "Ningefungua mara ya nne."

"Ehee. Basi hukumwomba Mungu akuongoze. Ulikuwa unamtafutia maneno ya kukuunga mkono. Cha kufanya ulikijua tangu Jumatano. Haya, omba ulichokosa."

Kidole alipiga magoti, macho wazi, maana aliogopa kuyafumba. "Bwana, nipe ujasiri. Amina." Kisha akatoka mbio.

"Hodi!"

Mama fundi alikuwa amempakata mwanawe, akimnywesha maji ya kisima kwa kijiko, kidogo kidogo, kwa upendo wote wa mama. Kidole alipomaliza kusema, kijiko kilimtoka mkononi.

"Siku mbili!" alisema kwa sauti iliyovunjika. "Siku mbili namnywesha kwa mkono wangu huu, na wewe unajua?"

Aliposikia mama fundi akilia, Kidole alitamani angepigwa.

Walimkimbiza mtoto zahanati saa ile ile. Muuguzi alisema ameishiwa maji mwilini, na kwamba wangengoja zaidi, hali ingekuwa mbaya. Baba yake Kidole na majirani walikikausha kisima, wakakisugua, wakatia dawa, na maji yakawa yanachemshwa kwanza. Baada ya siku chache mtoto alianza kutambaa uani. Mama fundi alikuwa bado hajarudisha salamu za Kidole, na Bibi hakumwombea msamaha. "Hasira yake ni haki yake," alisema. "Endelea kumsalimu."

Jumapili, wakitoka kanisani, Kidole aliuliza, "Bibi, kwa hiyo nisiombe tena mwongozo?"

"Omba, tena kila siku," Bibi alijibu. "Usipoijua njia, omba uonyeshwe. Ukiijua, omba nguvu za kuifuata. Na ukikosa, usimwombe Mungu akufichie, mwombe akuharakishe. Maana wewe ukingoja ishara, mtoto wa mwenzio anakunywa."