Mwendo wa Kicheche

Mchoraji aliizima kompyuta, lakini kicheche akaendelea kutembea. Hatua mbili tu, kisha skrini ikawa nyeusi. Mchoraji akajiambia ni macho yake. Mtu anayemchora mnyama mmoja mwaka mzima atakosaje kumwona hata ndani ya kikombe cha chai?

Kicheche ndiye aliyekuwa kichekesho cha filamu ya katuni: rafiki wa shujaa, mwoga, mlafi, anayepigwa na kila kitu ili watoto wavunjike mbavu. Mwendo wake ulikuwa umemtoa mchoraji jasho, mpaka alipompiga video bintiye akirukaruka sebuleni, akaunakili mwendo ule hatua kwa hatua. Ofisi nzima ilicheka.

Alipomchora kicheche akijikwaa, binti alijikwaa nyumbani akapasuka mdomo. Alipouchora mkia ukibanwa mlangoni, binti alibanwa vidole. Alipochora gogo likimwangukia mgongoni, simu ililia. Alikuwa shangazi wa mtoto, ambaye watu humwita kupunga pepo.

"Wifi," alinong'ona, "mtoto hawezi kuinuka. Na chumba kinanuka manyoya yaliyoungua. Umefanya nini huko?"

Mchoraji alimweleza yote.

"Umetengeneza mwili mtupu ukautia mwendo wa mtu. Sasa mwili huo umepata mpangaji, na ana hasira, maana unamfanya kituko. Kila pigo anampelekea mwenye mwendo."

"Mfukuze, wifi, nakuomba!"

"Huyo hatoki. Atahama tu, ukimpa mwendo mwingine."

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Bosi.

"Mbona kicheche hajaanguka kutoka ghorofani? Nalitaka tukio hilo leo!"

"Binti yangu anaumwa, bosi."

"Kwani filamu ni ya binti yako? Kazi ikikushinda, mlango ule pale."

Akageuka kwenda zake, tumbo mbele, mikono ikipepea kama anayefukuza kuku. Mchoraji aliinua simu akampiga video.

Aliufuta mwendo wa mwanawe akaanza kuuchora ule mwingine, harufu ya manyoya ikipanda kutoka kwenye meza mpaka kooni, na kitu kikihema ndani ya spika ambazo hazikuwa zimechomekwa popote, mpaka kicheche akatanguliza tumbo, akapepea mikono, akasimama ukingoni mwa paa, na mchoraji, akimfikiria mtoto wake aliyelala chali kama gogo, akimchukia bosi wake kwa moyo wake wote, akamsukuma kicheche.

Ukelele ulitoka kwenye ngazi. Kishindo. Watu wakakimbia.

Simu ikalia tena. "Kainuka, wifi! Anaomba maji!"

Mchoraji alilia kwa furaha. Hakujuta hata chembe. Akanyoosha mkono amfute kicheche kabisa, asibaki hata unywele.

Kicheche aliinuka pale chini alipoangukia. Akajikung'uta vumbi, akasogea, akasogea, mpaka pumzi yake ikatia ukungu kioo cha skrini kwa ndani.

"Mama," akasema kwa sauti ya binti, "sasa nani?"